Maji Meusi ya Wangeci

Jumamosi, saa kumi jioni. Chebunyo.

Nyuma ya bucha, Kipkurui aliweka kisu katikati ya meza. "Hii ni maabara." Akaweka kiberiti kando yake. "Hii barabara ya Sotik. Weldon, wewe dereva. Msichana wako anatufungulia geti. Lakini kwanza atuambie tunaiba nini, maana mimi siibi kitu sikielewi."

Msichana huyo, Wangeci, alikuwa na kazi ya kuosha vyombo katika maabara hiyo. Alieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kupika. Chumvi ya fedha, glukosi na maji vinafungiwa kwenye mtungi wa chuma, mtungi unalala ndani ya tanuri. Humo ndani fedha inajivuta, inakuwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Sukari inaungua, inazivika koti la kaboni. Kuna mtu Nairobi anazitaka, za kutengenezea vioo vya simu.

"Ukifunguliwa ukiwa moto unalipuka," akasema. "Lazima upoe wenyewe."

"Sawa, mwalimu," Kipkurui akacheka.

Weldon hakucheka. Chini ya meza alikuwa ameushika mkono wa Wangeci. Wakishauza, wangehamia mahali ambapo hakuna wa kuuliza mbona kijana wa Kipsigis anaoa Mkikuyu. Ni hilo tu Wangeci alitaka.

Jumapili, saa nne asubuhi. Sotik.

Watu walikuwa kanisani. Weldon alingoja nje, injini ikinguruma. Wangeci alibisha, mlinzi akamfungulia akitabasamu, kwa sababu alimjua. Kipkurui akamrukia mlinzi kutoka nyuma. Kitambaa machoni. Kamba. Wakatoka wawili na mtungi umefungwa magunia, bado unachoma.

Saa tano na nusu. Banda la kununulia chai, njia ya Ndanai.

Jumapili haliwi na mtu. Chai pande zote, kimya. Kipkurui aliugusa mtungi, akatoa mkono haraka.

"Bado tu?"

"Bado."

"Unatungojesha nani, Wangeci?"

"Sina mtu. Nangoja upoe."

"Bosi, mpe muda," Weldon akasema.

"Wewe nyamaza. Wewe umelishwa kitu."

Jua lilikuwa limeshapita utosini Wangeci alipofungua bolti mwenyewe, moja moja. Yakatoka maji meusi. Chini yake matope meusi, kama chai ya turungi iliyosahauliwa jikoni hadi ikaungua.

"Fedha iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Ni lile koti lenye ni nyeusi, fedha iko ndani yake. Inaoshwa, halafu..."

"Fedha inang'aa! Hata kogo, nyanya yangu kule nyumbani, anajua fedha inang'aa." Bastola ikatoka. "Nyinyi watu wa kuja. Mali umepelekea ndugu zako, sisi unatubebesha masizi."

"Watu wa kuja? Mimi nimezaliwa Ndanai. Baba yangu amezikwa Ndanai." Akageuka. "Weldon. Si umwambie."

Weldon alimtazama. Akayatazama matope. Mdomo wake ukafunguka. Lakini yalikuwa meusi kweli, jamani. Shaka ilimwingia, ndogo tu, ikatosha.

Kipkurui akaupiga mtungi teke. Ukalala chali, weusi ukatapakaa kwenye udongo na magunia.

"Washa gari. Huyo abaki."

Weldon akawasha gari.

Saa nane. Chebunyo.

Kipkurui alijipangusia viatu kwa gunia moja walilorudi nalo, bado limelowa weusi, akalitupa chini ya mbavu zilizokuwa zikichomwa. Likashika moto, likaisha. Weldon akachokora jivu kwa uma. Humo ndani mlikuwa na shanga nyeupe, ndogo kama punje ya wimbi. Iling'aa.

Nyama ikaungua.

"Turudi," Kipkurui akanong'ona.

Saa tisa. Banda la chai.

Walipokata kona, gari la polisi lilikuwa limefika. Mlinzi alikuwa amejifungua kamba, na jina alilokuwa nalo ni moja tu. Wangeci alikuwa amekaa nyuma, pingu mikononi, weusi kutoka vidoleni hadi viwikoni. Kando ya miguu yake palikuwa na leso iliyofungwa fundo, imejaa matope aliyoyazoa kwa mikono.

Afisa akawasimamisha. "Wee dada, hawa unawajua?"

Wangeci alimtazama Weldon. Alimtazama sana, kama mtu anayesoma jina kwenye mlango ambao hataurudia.

"Siwajui," akasema.

Afisa akawapungia mkono wapite.

"Endesha, weri. Endesha, kijana," Kipkurui akamwambia akiwa amekaza meno.

Mdomo wa Weldon ukafunguka, kwa mara ya pili siku hiyo.

Akatia gia.