Laptop Juu ya Kigoda cha Bibi

Laptop kuganda si jambo la kumtoa mtu jasho. Tabata nzima laptop zinaganda. Unafungua kurasa mbili tatu za mtandao, unaongeza muziki, unaongeza na video ya mtu, mashine inagoma. Unaizima kwa nguvu, unaiwasha upya, maisha yanaendelea. Basi siku ile laptop ya Alya ilipostaki katikati ya maongezi, uso wa mchumba wake Abdulhadi ukabaki umesimama kwenye kioo, mdomo nusu wazi, Alya alisonya tu. Akabonyeza kitufe mpaka kioo kikawa cheusi, akaenda zake jikoni kupasha maharage.

Aliporudi alikuta ujumbe kwenye simu, kutoka Muscat.

"Leo umenifurahisha mno. Sikujua unaweza kuongea vile. Kapumzike sasa, umechoka."

Alya akampigia hapo hapo. "Kuongea nini? Mbona mie laptop iliganda tulipoanza tu?"

"Acha utani, bwana. Tumeongea mpaka huku wameadhini. Tena wewe ndiye uliyeaga."

Alya akacheka, akijua anataniwa. Lakini alipoishika ile laptop aifunge, akaikuta bado ina joto, na ilikuwa imezimwa muda. Tena ilinukia. Ingekuwa harufu ya waya kuungua angeelewa. Huu ulikuwa udi, ule mzuri wa kutunzwa kabatini, na siku hiyo hakuna aliyefukiza chochote sebuleni.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana haya hayakujileta yenyewe.

Baba na mama yake Alya wana duka Mwanza. Yeye amelelewa Tabata na bibi yake mzaa mama, Bi Badriya, tangu anaanza shule. Bibi ndiye aliyemsuka, aliyemuuguza surua, aliyekwenda kugombana na mwalimu alipochapwa kwa kuonewa. Na bibi alikuwa na mgeni. Hivyo ndivyo walivyomwita nyumbani, mgeni, maana ruhani hatajwi tajwi ovyo. Kila Alhamisi baada ya alasiri Bi Badriya alikipangusa kigoda chake cha mninga kwa marashi, akatandika kitambaa cheupe, akaweka chetezo cha udi chini yake, akakaa kando kwenye mkeka na kuzungumza kwa sauti ya chini na mtu asiyeonekana. Hakuwahi kumdhuru mtu, mgeni huyo. Wala bibi hakumtafuta. Alimrithi kwa mama yake, kama wengine wanavyorithi pua.

Alya alipokuwa mdogo aliona ni kawaida. Alipokua, akaona haya. Na posa ilipoanza kuzungumzwa, haya zikageuka woga kabisa, kwa sababu mama yake Abdulhadi alisema waziwazi, kwenye video, watu wote wanasikia: "Mie kwenye nyumba ya majini sipeleki posa. Yaliyonikuta kwa mke wa mwanangu mkubwa yanatosha. Tumesikia upande wa mama yako kuna bibi ana mambo hayo. Bado yupo?"

"Alishafariki, mama," akasema Alya.

Loo! Lilimtoka kirahisi kama kusema mvua imekatika. Nyumba nzima kule Muscat ikasema inna lillahi, shangazi mmoja akatokwa na machozi, na binti huyu akazipokea rambirambi, akashukuru, akainamisha kichwa. Bibi alikuwa uani anamenya ndizi.

Kuanzia hapo Bi Badriya akahamishiwa chumba cha uani. Aliambiwa sebuleni kuna kazi za mtandaoni, zinataka utulivu. Wakati wa maongezi Alya aliufunga mlango wa uani kwa komeo. Bibi alisema, "Sawa, mama," akakusanya kanga zake. Kigoda hakukihamisha, kilikuwa kizito.

Sasa, laptop yenyewe ilikuwa imechoka. Fundi Nassibu wa Kimanga aliifungua akatikisa kichwa. "Sista, RAM yako giga mbili. RAM ndiyo pale mashine inapoweka kazi inayoifanya sasa hivi. Pakijaa, inasimama. Wewe unataka kupikia harusi kwenye sufuria ya chai." Akafuta programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe, akamwonya asifungue kurasa nyingi, akapuliza vumbi. "Na usiiweke kitandani, matundu ya chini yanaziba, inachemka. Itafutie kitu kigumu kilichoinuka, hewa ipite."

Kitu kigumu kilichoinuka. Alya alifika nyumbani, akatazama sebule, akakiona kigoda. Alikitoa kitambaa cheupe, akakikunja, akaiweka laptop juu ya kigoda. Bibi, ambaye siku hizo haingii tena sebuleni, alipouliza, aliambiwa kigoda kimelegea mguu, kiko kwa seremala.

Huo ndio mwanzo.

Mara ya pili iliganda Jumamosi alasiri, jua kali, watoto wa jirani wanacheza rede nje, saa ambayo hakuna mtu angewaza jini. Uso wa Abdulhadi ukasimama. Alya alinyoosha mkono kuizima, halafu akaona kile kidirisha kidogo cha pembeni, kinachomwonyesha yeye mwenyewe. Kila kitu kwenye kioo kilikuwa kimeganda isipokuwa hicho. Yeye Alya alikuwa amekaa kimya, mkono uko hewani, midomo imefungwa, na yule Alya wa kwenye kidirisha akaurekebisha mtandio wake taratibu, akasogea mbele, akaanza kusema, anasema bila sauti, anapangusa machozi ambayo Alya hakuwa nayo, anaelekeza kidole nyuma yake kwenye mlango wa uani, na udi ukapanda kutoka chini ya kigoda ukamjaa kooni mpaka akakohoa, na hata alipokohoa yule wa kwenye kidirisha hakukohoa, aliacha tu kusema, akageuza macho, akamtazama.

Alya aliichomoa waya na kukimbilia barazani. Simu ikatetemeka mkononi.

"Pole kwa kilio, habibti. Lakini sijakuelewa. Unasema bibi yako yuko uani, amefungiwa mlango. Mlimzika nyumbani?"

Akajibu kwamba ni majonzi tu, hajui alichokuwa anasema. Aibu ilimzidi hofu.

Jumatatu akairudisha kwa Nassibu. "Iongeze RAM, iongeze yote inayoweza kubeba. Ijumaa wakwe zangu wanataka kupanga siku ya ndoa. Isigande, kaka yangu."

Nassibu akaiwasha kwanza aangalie ni programu gani inakula nafasi. Akakunja uso. "Ajabu hii. Hujafungua kitu, lakini RAM yote imejaa. Kuna kitu kimekaa humu, na hapa kwenye jina pako tupu." Akaizima, akaigeuza, akafungua skrubu. Akatoa betri. Akatoa kile kijiti cha RAM, akakiweka mezani. Alipoinua kifuniko apate nafasi ya kushika vizuri, kioo kilikuwa kinawaka.

Mle ndani alikuwemo Alya, amekaa, anamtazama fundi. Na Alya mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi.

Nassibu alikishusha kifuniko polepole, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke. Akarudisha kijiti na betri, akafunga skrubu zote bila kuruka hata moja, midomo ikimcheza kwa dua.

"Sista," alisema kwa sauti ya kunong'ona, "mie ufundi wangu umeishia hapa. Nyumbani kwenu kuna mtu mzima? Kamwambie mtu mzima."

Mtu mzima wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa uani.

Bi Badriya alikuwa kwenye mkeka anapepeta mchele. Hakugeuka. "Kigoda changu umekifanyia nini, mama? Mgeni wangu hana pa kukaa."

Alya akapiga magoti, akasema yote ya laptop. Bibi akacheka kidogo. "Ati! Ndiyo maana ananilalamikia kakalishwa pa moto." Akaendelea kupepeta. Kisha, bila kuinua sauti, akasema, "Kaniambia na jingine. Kaniambia kwamba mie nimekufa."

Jamani, kuna aibu nyingine mtu hawezi hata kuilia. Alya alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliufunika uso kwa viganja, akangoja matusi, akangoja kofi.

"Tuyaache hayo," alisema bibi mwishowe. "Unataka atoke?"

"Nataka, bibi."

"Yeye mwenyewe anataka. Lakini umemkalisha juu ya uongo, hawezi kunyanyuka mpaka huo uongo uondolewe. Ijumaa mwambie yule mama, kwa kinywa chako, bibi yangu huyu hapa. Basi, hakuna dawa nyingine."

"Wakiniacha?"

"Wakikuacha, mama, watakuwa wamekuacha. Hujafa."

"Na nikishindwa kusema?"

Bi Badriya aliuweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza Alya aliona woga usoni mwake. "Uongo wa kwanza humkera tu mgeni, akaufichua hadharani. Wa pili haukemei. Wa pili huufanya uwe kweli. Usinifikishe huko, mjukuu wangu."

Ijumaa ikafika. Bibi alioga mapema. Alitoa sandukuni doti ya kanga ambayo haijaguswa na maji, akapaka wanja, akachomeka asumini nyweleni. "Nikae wapi ili nionekane vizuri?" aliuliza, na ile furaha yake ndogo ikamchoma Alya kuliko angepigwa. Akamweka kwenye kiti nyuma yake. Laptop ilikuwa juu ya kigoda, chetezo kinafuka chini.

Haikuganda. Kioo kilikuwa safi, Muscat wamejazana kochi zima.

"Asalaam alaykum. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Sisi tumeridhika na wewe. Baba yako tumeshaongea naye, ndoa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha tu, inshallah." Kina shangazi wakapiga vigelegele. Abdulhadi akainama, anatabasamu peke yake. Halafu mama mtu akasogeza uso karibu na kamera. "Na huyo bi mkubwa nyuma yako ni nani?"

Alya alifungua mdomo, na neno lilikuwepo, lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, bibi yangu, maneno mawili tu ambayo ameyasema tangu anaota meno, lakini aliziona zile nyuso zote kwenye kochi zimenyamaza zinangoja, akamwona Abdulhadi ameinua macho, akaisikia pumzi ya bibi mgongoni na moshi wa udi ukimpanda magotini, kifuani, shingoni, taratibu, kama kitu kinachosogea kisikie vizuri, na aibu ile ya miaka yote ikamshinda.

"Huyo ni mama mmoja tu wa mtaani," akasema. "Huwa anakuja kutufulia."

Kiti kikalia nyuma yake.

"Haya, binti," ilisema sauti ya Bi Badriya, ya upole, ya kumsitiri. "Nguo nimeshaanika. Acha mie nende."

"Masikini," alisema mama yake Abdulhadi. "Mtu mzima hivyo bado anafua? Mpe chakula, mwanangu, upate thawabu."

Kandambili za bibi zikaelekea uani, na nyuma yake zikafuata hatua nyingine, nzito, zisizo na haraka. Harufu ya udi ikatoka nazo. Laptop ikawa nyepesi. Wakwe walituma picha za ukumbi, picha za nguo, video, zote zikafunguka mara moja bila kusita. Alya alicheka walipocheka, akaitikia walipouliza. Walipoaga tu, akakimbia uani.

Bi Badriya alikuwa amechuchumaa kwenye beseni chini ya bomba. Anafua. Ile kanga mpya imelowa mpaka magotini, wanja umemchuruzika, na alikuwa anasugua kola ya blauzi ya Alya kwa bidii ya mtu anayeogopa kugombezwa.

"Bibi, inuka. Inuka, nisamehe, nitawapigia sasa hivi, nitawaambia wote!"

Mzee akanyanyua macho. Yalikuwa macho mema, ya mtu anayemkaribisha mgeni mlangoni. Akajipangusa povu haraka haraka.

"Samahani, dada, sikukusikia ukija. Hizi nyeupe nizitie bluu, au niziache hivi hivi?"

"Bibi, ni mimi. Alya. Alya wako!"

"Alya," alirudia mzee. Akalitafuta jina lile, Alya aliona kabisa jinsi anavyolitafuta, paji la uso limekunjamana, mkono umesimama ndani ya maji. Kisha uso ukakunjuka, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Jina zuri, lakini umenifananisha, mwanangu," alisema, akaishika tena ile blauzi. "Mie sina mtu. Ningekuwa na mjukuu kama wewe, ningekuwa nafua nguo za watu?"