Riwaya Iliyolamba Vidole

Fundi wa kujalidi vitabu alikuwa jikoni akikoroga gundi, unga na maji tu, wifi yake alipoingia ameziba pua.

"Wifi, mwanao hainuki kitandani. Na chumba kinanuka mdomo."

"Kinanuka nini?"

"Mdomo wa mtu aliyelala na nyama kwenye meno."

Fundi aliendelea kukoroga, maana gundi ikiachwa hufanya madonge. Lakini uvundo ulikuwa umeshafika jikoni. Akaepua sufuria.

Binti alikuwa kitandani na riwaya ambayo mteja alimletea mama yake aijalidi upya. Ilikuja bila kurasa za mwisho, na mteja alitaka jalada tu, basi fundi akashonea karatasi tupu mwishoni ili kitabu kisipwaye. Binti aliichukua asubuhi, akasema anaonja ukurasa mmoja. Sasa jua lilikuwa linazama.

Alilamba kidole, akafunua. Akalamba tena, akafunua. Ulimi ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi, na kila kidole kilipogusa karatasi, karatasi nayo ilikilamba. Fundi aliusikia mlio huo, kama paka anayekunywa maziwa.

"Weka chini, tukale."

"Mlango unafunguliwa, mama. Nikimjua aliye nje tu, nakuja."

"Mlango huo unafunguliwa tangu mchana," wifi akanong'ona. "Nimesoma begani kwake. Kila ukurasa, kitasa tu."

Fundi akakivuta kitabu. Ngozi ya vidole vya binti ikavutika nacho, na hapo akaona kuwa zile karatasi tupu alizozishona kwa mkono wake zilikuwa zimejaa maandishi, rangi yake kama mate yenye damu, na zilikuwa zikizaana, laini na vuguvugu kama nyama ya ndani ya shavu, zikihema, na chini ya kila moja neno ni lile lile: halafu.

Yeye riwaya huzisoma mwisho kwanza. Hana muda wa kushikwa shati na watu wasiokuwepo. Alijua kinachomganda msomaji ni hamu ya kujua, na hiki kilichomo kilikuwa kikinyonya hamu hiyo. Akakiinamia, amebana pumzi.

"Mlango ukafunguka," akasema. "Alikuwa mama yake. Chakula tayari. Wakala, wakaosha vyombo, wakalala. Basi."

Kitabu kikacheua. Nywele, kucha na makapi ya karatasi iliyotafunwa vikamwagika shukani, na vidole vikabanduka kama plasta kwenye kidonda. Fundi akakibeba kwa koleo hadi kwenye kibano cha kukazia vitabu, akakaza mpaka kikakoma kuchuruzika, kisha akakitupa motoni. Akanawa kwa sabuni, akanawa tena.

"Shuka utafua mwenyewe," akamwambia binti.

Mume alirudi kutoka kazini akiuliza nani ameunguza ngozi. Fundi akapakua huku akiwatazama mmoja mmoja: mume yupo, binti yupo, vidole vimefungwa kitambaa, wifi yupo. Wote wapo.

"Leo bosi kaja ofisini kwangu," mume akaanza, mdomo umejaa. "Nasikia mlango unagongwa, nashika kitasa..."

Wifi akaacha kula. Akatoa ulimi, mkavu, wenye nyufa, akalamba kidole taratibu. Uvundo ukapita juu ya sahani.

"Halafu?" akasema.