Kiganja Kwenye Kioo cha Nyuma

Kipyego alipangusa kioo kile mara ya tatu, na alama ikarudi.

Ilikuwa alama ya kiganja, kwenye kioo cha nyuma cha gari dogo la dizeli, upande wa nje. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa asubuhi ile, maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye bampa, na katika yadi nzima hakuna aliyekubali kwamba aliligusa. Kipyego, ambaye kazi yake ni kuuza magari na si kukagua mikono ya watu, alikipulizia kioo pumzi ya moto, akasugua tena kwa tambara.

"Ni mafuta tu hii, boss," alimwambia mteja wake. "Ukifika nyumbani itakuwa imetoka."

Mteja, Wachira, alisogea karibu na kioo. Macho yake yalikuwa kwenye kidole cha mwisho cha ile alama. Kilikuwa kifupi, kimekatikia kwenye kiungo, kama kidole cha mtu aliyewahi kukatwa na mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Wachira alimjua mtu mmoja tu mwenye kidole cha namna hiyo, dada yake Nyaguthii, na Nyaguthii hakuonekana tena tangu zile vurugu za baada ya uchaguzi, zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Mkewe, Marion Awuor, hakuona kidole. Yeye aliona gari. Marion alikuwa mpimaji wa maziwa katika kituo cha wafugaji kule Moiben, na alikuwa amechoka kufika kazini na matope hadi magotini. Alilizunguka lile la dizeli, akachungulia chini yake, akalipiga tairi teke la mtu anayejua anachofanya, kumbe hajui.

"Hii ndiyo gari," akasema. "Imeinuka, iko na nguvu, na fundi yeyote wa Soy anaiweza. Hiyo ingine betri yake ikikufa utapelekea nani?"

Hiyo nyingine ilikuwa haibridi nyeupe, ya petroli na betri, imeegeshwa kando, umbo lile lile: milango minne, na buti la kuinua juu.

"Haibridi haimalizi mafuta," Wachira alisema.

"Na matope ya Moiben, inamaliza?"

"Iko kimya, Marion. Haisumbui mtu."

"Kimya ya nini? Kwani sisi ni wezi?"

Kipyego alicheka kwa adabu ya mtu anayetaka kuuza lolote kati ya hayo mawili. Wakalijaribu la dizeli kwanza. Wachira alishika usukani kwa sababu aliona haya kukataa mbele ya mkewe. Alingoja taa ndogo ya dashibodi izimike, jinsi dizeli inavyotaka asubuhi ya baridi, kisha akawasha. Injini ikakohoa, ikanguruma, ikatulia. Halafu huko nyuma, kwenye buti, kitu kikapiga. Pa. Pa.

"Kuna kitu imelegea huko nyuma," Marion alisema.

Kipyego akashuka, akakagua, akarudi akitikisa kichwa. Wachira akalisogeza gari kuelekea lango la yadi, na mapigo yale yakalifuata, sasa kwa haraka zaidi, kama ya mtu anayekimbia nyuma ya gari huku akinyoosha mkono, na ndani mle mkaingia harufu ya sukari inayoungua. Wachira akazima injini katikati ya lango. Jasho lilikuwa linamtoka, na siku ile Eldoret nzima ilikuwa imevaa makoti.

"Tunachukua haibridi," akasema.

Marion alikubali shingo upande. Alikuwa hajawahi kumwona mumewe akiogopa gari.

Jambo ambalo Marion hakulijua ni hili. Wakati wa vita, kama watu wengi wa Eldoret wanavyouita ule msimu, Nyaguthii alikuwa na duka Soy. Mama yao, Wahu, alikuwa ameshakimbilia uwanja wa kanisa mjini, na alimwagiza mwanawe kitu kimoja tu: mlete dada yako. Wachira alikuwa na gari la marehemu baba yao, la dizeli, lililosikika kutoka ng'ambo ya mto. Akampigia dada yake simu.

"Nimejificha nyuma ya duka," Nyaguthii alinong'ona. "Nikisikia hiyo dizeli yako, natoka mbio. Wewe unifungulie tu buti, nijifiche humo."

Aliisikia, na alitoka mbio. Wachira alifika alfajiri, akakuta duka linawaka, magunia ya sukari yanaungua kwa utamu wa kutapisha, na kundi la watu wenye mapanga linakuja barabarani likipiga miluzi. Buti lilikuwa limefungwa kwa ufunguo. Kulifungua ilimlazimu ashuke. Alimwona dada yake kwenye kioo, akamwona akipiga kioo cha nyuma kwa kiganja, akapiga tena, na Wachira akakanyaga mafuta. Mjini alimwambia mama yake kwamba alifika akakuta hakuna mtu.

Kwa kukimbia, mimi namlaumu kidogo tu. Panga si kitu cha mzaha, na sijui miguu yangu ingefanya nini. Kwa uwongo, namlaumu sana. Maana kwa sababu ya uwongo ule Mama Wahu, aliyehamia Kimumu baadaye, hakuwahi hata usiku mmoja kufunga komeo la mlango wake. "Nyaguthii akirudi akute nimefunga?" aliwauliza majirani waliomgombeza. Wezi walimchukulia redio, wakamchukulia mitungi, na bado mlango ukabaki wa kusukumwa tu. Komeo lilishika kutu. Wachira angesema ukweli, mama yake angalau angejua analia nini. Lakini aliona heri anunue gari lisilosikika.

Sasa, gari jipya ni lazima liombewe. Jumapili baada ya ibada, Pasta Tryphosa alitoka nje na chupa ya mafuta ya upako, kinamama wakimfuata kwa wimbo, wakaizunguka haibridi.

"Fungua milango yote," Pasta akaamuru. "Maombi yaingie kila kona."

Wachira akafungua milango minne.

"Na buti?"

"Pasta, buti si lazima. Hakuna kitu huko."

"Ndugu Wachira, usinifundishe kazi. Fungua."

Watu wakacheka. Wachira akatazama upande huu na upande ule, akaliinua buti. Hakukuwa na sauti yoyote. Gari lilishuka kidogo tu upande wa nyuma, jinsi gari linavyoshuka mtu mzima akiingia na kuketi. Pasta Tryphosa alinyamaza katikati ya sala, akanusa hewa.

"Nani anaunguza sukari?" akauliza.

Kinamama wakatazamana, akaendelea. Akaupaka kila mlango mafuta, akaufunga mmoja baada ya mwingine, na la mwisho likawa buti. "Kilicho ndani kisitoke!" alipaza sauti. "Kilicho nje kisiingie!"

"Amina!" waumini wakaitikia, na Marion alikuwa kati yao, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya yadi.

Wakaondoka kanisani kwa betri peke yake, bila mngurumo. Hapo ndipo Wachira alipotambua ubaya wa gari la kimya. Humo ndani kila kitu husikika: mkufu wa mkeo ukigusa kifungo, sarafu ikitembea mfukoni, na nyuma yako, pale ambapo hujampakia mtu, pumzi za mtu aliyetoka kukimbia. Injini ya petroli ikajiwasha yenyewe, jinsi haibridi zifanyavyo, ikazifunika. Walipofika kwenye mzunguko ikajizima, na pumzi zilikuwa bado zipo. Wachira akafungulia redio hadi Marion akaziba masikio. Kuanzia siku ile alitafuta kila sababu asiliendeshe. Marion akawa analipeleka Moiben peke yake.

Haikupita wiki. Marion alirudi jioni moja, akaketi jikoni na gambuti zake miguuni, mikono imeshika kikombe kitupu.

"Wachira," alinong'ona. "Kuna mtu kwa hiyo gari."

"Ni injini hiyo. Si nilikuambia inajiwasha?"

"Injini haihemi. Huyu anahema. Na anaita jina lako."

Wachira aliuangalia mlango, kama kwamba kitu kile kingeweza kuwasikia. "Anasema nini?"

"Anasema, 'Wachira, endesha, wanakuja.' Kisha ananyamaza. Kisha anauliza, 'Mama ako wapi?'" Marion akaweka kikombe mezani. "Njoo uone kioo."

Walitoka hadi uani. Kiganja kilikuwa pale pale, kwenye kioo cha nyuma, na kidole chake kifupi. Marion alipitisha tambara juu yake. Alama haikutoka hata chembe, kwa kuwa safari hii ilikuwa upande wa ndani.

"Hiki kidole Mama Wahu aliniambia habari yake," Marion alisema taratibu. "Mashine ya nyasi. Wachira, ulisema hukumpata."

Wachira akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama kwenye matope, na alipofika kwenye ufunguo wa buti akalia kwa sauti. Marion hakumgusa. Alichukua simu, akamwita Pasta.

Pasta Tryphosa alikuja na chupa yake. Alikemea, akaamuru, akanyoosha mkono juu ya bati la gari, na alipopumzika kutafuta pumzi, sauti nyembamba, kavu kwa moshi, ikamwuliza kutoka ndani ya gari kama mtoto anavyomwuliza mgeni: "Mama ako wapi?"

Pasta akashusha mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimefukuza mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si wa kufukuzwa. Huyu alipanda gari ili apelekwe mahali. Mpelekeni. Na wewe Wachira, ukimpeleka bila ukweli, usinipigie simu tena."

Wakashika njia ya Kimumu jua likiwa limeanza kuzama na mvua ikinyesha, Wachira kwenye usukani, Marion kando yake akiwa ameuma upindo wa koti lake, na nyuma yao pumzi zile zikizidi kwenda mbio kadiri walivyokaribia, huku sukari ikinuka hadi macho yakawatoka machozi, na kila walipopunguza mwendo kwa tuta sauti ilinong'ona karibu kabisa na sikio la Wachira, "Usisimame, wanakuja," naye akawa hawezi kugeuka wala kuacha kutazama kile kioo cha juu, ambacho hakikuonyesha kitu isipokuwa viti vitupu na kiganja.

Mama Wahu alitoka kabla hawajabisha, amejitanda leso kichwani.

"Mbona mmekuja na mvua?" alisema. Kisha akasimama. Alikuwa amesikia harufu.

"Mama," Wachira akasema. "Mama, nilimwona. Siku ile, Soy. Alilifikia gari. Aligonga nikamwona, na sikumfungulia."

Mvua ikapiga mabati. Mama Wahu alimtazama mwanawe, na ule uso uliomngojea Nyaguthii kila jioni ukajifunga. Hakumtukana. Alipita kando yake hadi nyuma ya gari, akaweka kiganja chake juu ya kile cha ndani. Halafu akajaribu kuliinua buti. Halikuinuka. Aliona mafuta ya upako yaking'aa ukingoni, akayafuta kwa pembe ya leso yake, polepole, kama anavyofutwa mtoto mdomo. Buti likafunguka.

"Nyaguthii," alisema. "Shuka, mwanangu. Chai iko tayari."

Gari likainuka upande wa nyuma. Marion alihisi joto likimpita begani, joto la moto wa karibu, na akaona nyayo zikijichora kwenye matope hadi mlangoni. Mama Wahu alizifuata, mkono ameunyoosha kama aliyemshika mtu kiuno. Marion akamtazama mumewe mara moja, kisha naye akafuata.

Wachira alipofika, mlango ulikuwa umerudishwa. Aliinua mkono ausukume, jinsi mlango ule ulivyosukumwa siku zote, na hapo akasikia chuma kikilia kwa kutu upande wa ndani. Mama yake alikuwa anafunga komeo. Wote aliokuwa akiwangojea walikuwa wameingia.

"Mama?" aliita.

Nyuma yake, kule chini barabarani, mtu akapiga mluzi, na mwingine akauitikia, na kukawa na vishindo vya miguu mingi kwenye maji. Wachira akageuka. Barabara ilikuwa tupu hadi mwisho wake, na vishindo vilikuwa vinakuja. Akakimbilia gari, akavuta mlango wa dereva, wa abiria, wa nyuma. Kila mlango ulikuwa unateleza kwa mafuta ya Pasta na hakuna hata mmoja uliofunguka. Buti lilikuwa limejifunga tena. Sasa aliweza kusikia pumzi zao.

Akarudi mbio mlangoni kwa mama yake, akapiga kwa kiganja. Pa. Pa.

Ndani, mtu alikuwa anamimina chai.