Hotuba ya Kuniaga Niliiandika Mwenyewe

Waliponivisha shada la maua shingoni, nilidhani wamekosea mtu!

"Vasiti, njoo mbele, dada!" bosi akaita.

Makofi ofisi nzima. Ijumaa, mashati ya maua, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, katikati ya mkeka, mikate ya tui kwenye trei... na anayeagwa ni mimi!

Hakuna aliyeniambia nafukuzwa. Jamani, hakuna!

Turudi Jumatano.

Nina miaka mingi katika ofisi hii ya bima hapa Suva, Fiji. Kazi yangu? Kupokea barua pepe za watu na kuzisukuma kwa wengine. Nilikuwa nachoka kabla sijawasha kompyuta.

Siku hiyo Unaisi wa utumishi akaja mezani kwangu. Ni mtani wangu. Kwao na kwetu tunatukanana tangu enzi za mababu, na chakula cha mchana tunakula sahani moja.

"Wewe mla popo, niandikie hotuba. Kuna mtu anaondoka."

"Nani?"

"Mwanamke. Jina acha nafasi."

"Amefanya nini cha maana?"

Akaangalia dirishani.

"Hakuna hasa. Wewe pamba tu."

Nikapamba! Nikamwandika mwanamke anayefika kwanza na kufungua madirisha. Mwanamke ambaye wafiwa wakipiga simu, hakati hadi wamalize kulia...

Nilisahau kula. Kwa mara ya kwanza kiti kile hakikunichoma. Kumbe raha ya kazi ipo, tena ofisini!

Haya, Ijumaa sasa. Bosi anaisoma hotuba yangu, anajikwaa kila neno. Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Lete hapa! Mnanifukuza, sawa. Ila Kifiji changu hakivunjwi mbavu hivyo!"

Nikaisoma mwenyewe. Watu wakalia.

Bosi akanivuta pembeni, macho mekundu.

"Kumbe unajua kuandika! Baki, bwana. Utakuwa unaandika tu, kutwa nzima."

Ndiyo kazi niliyoiota!

"Nianze na nini?"

"Hotuba ya kumuaga Unaisi, Ijumaa ijayo. Bado hajui. Usimwambie."

Nikamtazama Unaisi. Alikuwa anagawa mikate, anacheka...

Yeye alijua yangu, akanyamaza. Sasa mimi najua yake.

"Unaisi!" nikapaza sauti. "Mtani wangu, Ijumaa ijayo ni zamu yako. Nimeambiwa nikupambe!"

Trei ikamponyoka.

Bosi akawaka.

"Umetoa siri ya ofisi! Niombe radhi mbele ya wote, la sivyo kazi hiyo huna!"

Wasomaji wangu, msidanganywe kwamba ofisini hakuna raha. Ipo, niliionja Jumatano ile. Lakini raha inayonitaka ninyamaze mwenzangu akitupwa nje, wabaki nayo wenyewe. Nimechoka.

Unaisi akanishika mkono, machozi yanamtiririka.

"Omba tu, Vasiti. Omba ubaki."

Nikalivua lile shada, nikamvisha yeye.

"Siombi."