Utupa Mferejini

Kila asubuhi Hajira alishika jembe mkono mmoja na kuni mkono mwingine, akateremka kwenye ukungu kwenda shule. Shule yao ilikuwa nje kidogo ya Tukuyu, na mvua ya huko haina adabu, humnyeshea hata mtu aliyekwisha kulowa. Kabla ya paredi, yeye na wenzake wa darasa la sita walipita kwanza kwenye bwawa la samaki. Walikuwa wamelichimba wenyewe kwa ajili ya elimu ya kujitegemea, wakavuta maji kwa mfereji kutoka kijito kilichopita nyuma ya migomba ya kina Hajira. Kiongozi wa bwawa alikuwa Meshaki, kijana mpole aliyewalisha perege pumba kwa mkono wake na kuwasemesha kama ndugu zake.

Msimu huo nyumbani kwa Hajira palikuwa na mgeni. Mjomba wake, Saad, alikuwa amekuja kutoka pwani. Alikuwa mtaalamu wa bahari, na kazi yake ilikuwa kuzamia na kuchunguza matumbawe. Siku moja, akiwa chini ya maji, wavuvi walirusha baruti karibu naye. Sikio la kulia likafa kabisa, la kushoto likabaki na usikivu kidogo, na daktari akamkataza kuzamia tena. Sasa alishinda karibu na cherehani ya baba yake Hajira, amejifunika blanketi, akitazama mvua.

Hajira alimpenda mno. Tangu zamani alisema kwamba naye atafanya kazi ile, na wenzake walimcheka kwa kuwa bahari yenyewe hajaiona.

“Mjomba, jiwe hili ulilitoa wapi?” alimwuliza jioni moja, akishika kipande cheupe ambacho mjomba alikuja nacho.

“Si jiwe, mwanangu. Hizi ni nyumba za wanyama wadogo sana. Wamejenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na samaki wakaja kuzaliana humo. Ukizama penye matumbawe mazima unasikia kelele, kama mafuta kikaangoni. Palipopigwa baruti ni kimya.” Akagusa sikio lake la kulia. “Hata yakipona, mimi sitayasikia tena.”

“Na waliorusha?”

“Kila tuliyemwuliza alisema hajui.”

Usiku ule mjomba hakugusa chakula. “Tangu aje hali chakula vizuri,” mama yake Hajira, Mwanahalima, alilalamika jikoni. “Mtu wa pwani huyu. Labda angepata samaki angekula.”

Neno hilo Hajira hakulisahau. Kandokando ya shamba lao walikuwa wamepanda utupa, mmea wa kufukuzia fuko, na alikwisha kusikia kwamba majani yake yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa na kuelea. Alijua pia kwamba shuleni walikatazwa kuvua hivyo. Lakini utupa si baruti, alijiambia. Hauna kishindo. Na kijito hakisimami, maji yanakwenda zake.

Jumamosi akaponda majani juu ya jiwe, akayatia kijitoni. Vikaelea visamaki vya kujaza bakuli. Mama alipouliza, Hajira alijibu kwamba amevivua kwa kikapu. Mjomba alikula mpaka akalamba vidole, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, na Hajira akaona amefanya jambo la maana.

Jumatatu bwawa lote lilikuwa jeupe kwa matumbo ya perege. Meshaki alisimama ndani ya maji, akiokota mmoja mmoja na kulia.

“Wewe ndiye uliyewalisha,” alisema Mwalimu Ackson, mwalimu mkuu, kwa hasira. “Umewapa nini?”

“Pumba tu, mwalimu. Haki ya Mungu.”

“Kamati itakaa kesho. Kama umeharibu mali ya shule, utakwenda nyumbani.”

Hajira alitazama vidole vya miguu yake. Alikumbuka majani yale ya Jumamosi, na mfereji unaotoka kijitoni. Alijua fika kwamba Meshaki akifukuzwa, aliyemfukuza ni yeye Hajira.

Mwalimu alituma watu kumwomba mjomba Saad aje kuangalia. Mjomba akaja na mwavuli, akafunua mashavu ya samaki, akanusa maji, kisha akaanza kuufuata mfereji taratibu kuelekea juu. Mwalimu, Meshaki na Hajira walimfuata nyuma. Kwenye migomba mjomba alisimama. Juu ya jiwe palikuwa na majani yaliyopondwa. Akayatazama, akatazama nyumba, halafu akamgeukia Hajira.

“Hajira, wale samaki niliokula…”

“Nilitia utupa, mjomba,” Hajira alinong'ona.

“Unasema? Sisikii.”

Alikuwa amesemea upande wa sikio lililokufa. Mwalimu naye hakusikia, kwa mvua. Ilikuwa rahisi sana sasa kusema alivua kwa kikapu. Hajira alimwona Meshaki akitetemeka na shati lake lililolowa. Akazunguka upande wa kushoto, akapaza sauti mpaka ikakatika:

“Ni mimi! Nilitia utupa! Meshaki hana kosa! Nilidhani maji yanakwenda zake!”

Kisha Mwalimu Ackson akamshika Meshaki bega, akamwomba radhi palepale.

Kesho yake kamati ilimwacha Meshaki na kumpa Hajira adhabu ya kukausha bwawa na kuzoa tope lote. Meshaki alifanya naye kazi ile bila kumsemesha. Vifaranga wapya wa perege walipoletwa, alimpokeza ndoo na kumwambia tu, “Shika vizuri.”

Hajira hakuwa na furaha. Siku mjomba alipofunga mizigo, alimwambia huku akilia, “Sistahili kazi yako, mjomba. Nami nimeua kama wale wa baruti.”

Mjomba alimwinamia, akamgeuzia sikio la kushoto.

“Umeua, kweli. Maji hayaendi zake, mwanangu, yana mahali yanapofika, na hapo pana mwenyewe. Hilo usilisahau. Lakini mtaalamu ni mtu anayesema kilichotokea kama kilivyotokea, hata kama aliyekifanya ni yeye.” Akamtia mkononi kile kipande cheupe cha tumbawe. “Huko pwani nimeuliza miaka mingi ni nani aliyeua matumbawe. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu.”