Bafu la Watu Wawili

Kila asubuhi, huko Marangu, Elisifa huchemsha maji ya kuoga kabla ya chai. Maji ya mlimani ni baridi. Ukijimwagia bila kuyapasha, utapiga kelele majirani wakusikie.

Asubuhi hiyo maji yalichemka mpaka yakapungua nusu, naye hakuyaepua. Alisimama mlangoni, akitazama ujenzi. Mume wake, Eliufoo, alikuwa anaongeza sebule na bafu. Ukuta wa kugawa vyumba hivyo viwili ulikuwa na safu mbili tu za tofali.

Mama mkwe wake, Bibi Aikaeli, alikuwa amelazwa hospitalini Moshi mjini. Aliteleza katika bafu la zamani, lile la mabati lililo nje kwenye migomba. Alivunjika nyonga. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na angerudi nyumbani hivi karibuni. Bibi ni mwanamke mwenye mwili. Mwanawe wa kiume hawezi kumwogesha mama yake, hilo halina mjadala. Wa kumwogesha ni Elisifa.

"Nikimwangusha je?" Swali hilo lilimfuata jikoni, zizini, hata kanisani. Aliogopa kweli.

Eliufoo yeye alikuwa na furaha. Kazi yake ni kuongoza watalii wanaopanda mlima. Katika hoteli moja aliona shawa ndani ya kibanda cha kioo, akaipenda. Kibanda kama hicho alikuwa ameshakichagua dukani Himo.

"Sentimita sabini na tano kila upande," alisema. "Mtu anasimama, maji yanamwagika, basi. Mama ataoga kama mzungu."

"Baba Pamela, hakitoshi," alisema Elisifa.

"Kinatosha. Wageni wangu wanene wanaingia."

"Wageni wako wamevunjika nyonga?"

Kesho yake fundi Yoramu angemwaga zege la sakafu. Zege likishakauka, kuhamisha bomba la maji machafu ni kuvunja upya. Elisifa alilijua hilo. Alitupa kanga begani, akaenda kwa jirani yao, Mama Theopista.

Mama Theopista alifanya kazi hospitalini miaka mingi, akiwafundisha watu waliovunjika kutembea tena. Sasa amestaafu, anafuga ng'ombe. Mdomo wake haujastaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso uko hivyo? Bibi amezidiwa?"

"Hapana, mama. Anarudi. Ndiyo hofu yangu."

Mama Theopista alicheka, kisha akaona Elisifa hacheki. Akasikiliza habari yote ya kibanda cha kioo. Halafu akachukua kiti cha plastiki na kipande cha mkaa.

"Twende kwa mumeo," alisema.

Katika sebule ya zamani aliomba futi ya kupimia. Akachora mraba mweusi sakafuni, sentimita sabini na tano kila upande. Akaweka kiti katikati.

"Baba Pamela, kaa hapa. Leo wewe ndiye mama yako. Mguu wa kulia haukunjiki sana."

Eliufoo alikaa akitabasamu. Akanyoosha mguu, ukavuka mstari.

"Umevunja kioo," alisema Mama Theopista. "Mama Pamela, ingia umsugue mgongo."

Elisifa aliingia na ndoo. Hakukuwa na pa kukanyaga. Kiwiko chake kilivuka mstari upande huu, ndoo upande ule.

"Haya, Baba Pamela, inuka. Usitoke nje ya mstari."

Eliufoo aliinama mbele ili ainuke. Kichwa chake kikampiga Elisifa tumboni, akarudi kukaa kwa kishindo. Akajaribu tena. Elisifa alimshika kwapani, wote wawili wakayumba, nusura waanguke. Mtu anayefika kileleni alishindwa kuinuka kwenye kiti. Tabasamu likamwisha.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema Mama Theopista. "Mtu akiinuka, kichwa hutangulia mbele. Anahitaji nafasi. Mzima anayeoga amesimama, sentimita tisini kwa tisini zinamtosha. Anayeoga amekaa, tena na msaidizi, mpe mita moja na nusu kila upande. Usipime bafu kwa mwili wa mtu. Pima kwa yale atakayofanya humo."

"Na kibanda?" aliuliza Eliufoo.

"Kiache dukani. Kina kizingiti, na mguu mgonjwa hauruki kizingiti. Sakafu iwe sawa, iteremke kidogo tu kwenda kwenye tundu la maji. Weka marumaru zisizoteleza, hata kama hazing'ai. Funga vyuma vya kushikia ukutani, viingie kwenye tofali. Na mlango ufungukie nje. Bibi akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, utaingia wapi kumwokoa?"

Akilini mwake Elisifa alimwona Bibi sakafuni, nyuma ya mlango.

Eliufoo alienda kupima penye ujenzi, akarudi amenuna. "Ukuta utaingia kwenye sebule mpya. Krismasi ndugu wote wanakuja kutoka Dar. Watakaa wapi?"

"Wageni wanakaa siku chache," alisema Elisifa. "Mama anaoga kila siku." Alimsogelea mumewe. "Na nikimwangusha, Baba Pamela, hao ndugu hawatangoja Krismasi. Watakuja kuzika."

Eliufoo alitazama mistari ya mkaa, kisha akatoa simu.

"Fundi Yoramu? Kesho acha zege. Njoo na nyundo, ukuta tunausogeza."

Bibi Aikaeli alirudi bafu likiwa tayari. Siku ya kwanza Elisifa alimwongoza polepole mpaka kwenye kiti kirefu, imara, chenye miguu ya mpira. Aliweka ndoo ya maji vuguvugu pembeni. Bibi akaketi, akanyoosha mguu, haukugusa ukuta. Elisifa akapita nyuma yake, akamsugua mgongo bila kubanwa.

Kisha Bibi alishika chuma cha ukutani. Akainama mbele, akainuka, akakaa tena. Akafanya hivyo mara ya pili.

"Toka," alisema.

"Mama?"

"Toka, mwanangu. Mgongo nashukuru. Kwingine naweza. Tangu nivunjike sijaoga bila kutazamwa na mtu."

Elisifa alitoka. Mlango aliurudishia tu, bila kuufunga. Alisimama nje, mkono kwenye kitasa, akisikiliza maji. Mara maji yakanyamaza.

"Mama! Uko salama?"

"Elisifa," Bibi alijibu kwa ukali, "niache nioge!"