Nywele za Winfrida

"Chupa nne za spiriti, dada? Umeumia wapi kote huko?"

Yasinta alicheka. Foleni ya duka la dawa la Dastani, karibu na stendi ya Masasi, ilikuwa imetoka hadi nje, lakini Dastani hakuwa na haraka tena. Macho yake yalikuwa kwenye gauni la Yasinta la kitenge cha njano.

"Nafundisha kidato cha pili Newala. Tunajifunza wapelelezi wanavyomtambua mtu kwa vinasaba. Tunaponda papai, tunatia sabuni na chumvi, kisha spiriti baridi. Nyuzi nyeupe zinapanda juu. Hiyo ndiyo DNA."

"Na mimi ukiniponda utanijua?"

"Wewe nitakujua bila kukuponda."

Kuanzia hapo simu hazikukauka. Kila Jumamosi Yasinta alishuka Masasi kumwona Dastani na bintiye wa miaka sita, Winfrida. Mama wa mtoto alishaondoka, akaolewa kwingine. Dastani alikuwa mweusi, mfupi. Binti mweupe, miguu mirefu. Majirani hawakuacha kunong'ona.

Jumamosi moja Dastani alitafuta chaja kwenye mkoba wa Yasinta, akakuta bahasha mbili. Moja imeandikwa jina lake mwenyewe, nyingine la mwanawe. Ndani mlikuwa na nywele.

Alizirudisha mkobani. Simu za Yasinta akaacha kupokea. Siku ya tano akapokea.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Unampima mwanangu kwa siri. Nani kakutuma?"

"Za darasani hizo! Wanafunzi wazilinganishe kwenye hadubini."

"Mbona hukuomba?"

 Siku Yasinta alipowapunguza nywele na kuziweka, maneno ya majirani yalikuwa yamempitia kichwani. Sasa naye akashuku: asiye na la kuficha anaogopa nini?

Kesho yake Dastani alipanda Newala kwa pikipiki, amekunja uso. Alipofika dirishani pa darasa, msichana mmoja alikuwa amesimama.

"Mwalimu, nywele hizi zinaweza kusema baba wa mtu ni nani?"

"Zimekatwa, hazina mizizi, haziwezi. Na hata zenye mizizi huzichukui bila ruhusa. Mimi nilichukua bila kuomba. Nilikosea."

Kengele ilipolia, yeye na Yasinta walisimama nyuma ya darasa.

"Nilimpima Winfrida alipozaliwa," Dastani alisema taratibu. "Si damu yangu. Karatasi niliichoma. Naogopa asije akasikia kwa watu."

Macho ya Yasinta yalilowa. "Sikufichi, Dastani. Swali hilo lilinijia."

"Sasa umejua. Utaweza kunyamaza?"

"Nitanyamaza. Akikua umwambie wewe mwenyewe. Ningependa niwepo siku hiyo."

"Uwepo kama nani?"

"Si wewe uliyeuliza? Basi sema."

Dastani alifuta jasho. "Kama mama yake. Jumamosi niende Chidya kwa wazazi wako?"

"Nenda," alisema Yasinta, akimshika mkono. "Lakini usiende peke yako. Mama yangu atataka kumwona mjukuu wake."